Miwani ya namba kubwa na hatari iliyojificha nyuma ya jicho

Mstari wa zulia ndio ulionipa habari. Ilikuwa sala ya alasiri, mwaka juzi, katika msikiti ninaosali siku zote, ambao zulia lake lina mistari ya kupangia safu. Niliposimama nikitazama mahali pa kusujudia, nikaona mstari mmoja umepinda katikati, mfano wa mshipi ulioshikwa na samaki. Nikadhani zulia limekunjika. Baada ya sala nikalipapasa kwa mguu, liko sawa. Kesho yake mstari ukapinda tena, nami nilikuwa nimesimama upande mwingine kabisa wa msikiti. Hapo ndipo nilipofunga jicho moja moja. Kwa jicho la kulia mstari umenyooka kama rula. Kwa la kushoto umevimba katikati, na juu yake pana doa la kijivu.

Nikakaa wiki tatu bila kumwona daktari. Nilijiambia ni uchovu wa kompyuta, kisha nikajiambia ni miwani imechakaa, nikaenda kununua mingine. Makala haya nayaandika kwa ajili ya wiki tatu hizo. Tangu jambo hilo linifike nimekutana na watu wengi hapa Pwani wenye miwani mizito kama yangu, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba jicho lao lina hatari zaidi ya kushindwa kusoma kibao cha matatu kwa mbali.

Mimi nimevaa miwani tangu darasa la nne. Leo namba yangu ni -9.5 jicho la kulia na -11 la kushoto. Watoto nyumbani hunitania kwamba nikivua miwani siwezi kutofautisha paka na ndala. Kwa miaka yote hiyo nimebadilisha miwani labda mara kumi na mbili, na kila mara nilipimwa kwa kusomeshwa herufi ukutani, nikachagua fremu, nikalipa, nikaondoka. Hakuna hata mara moja aliyenitia matone ya kupanua mboni akatazama nyuma ya jicho. Duka moja mjini, ambalo sitalitaja, liliniongezea namba mara tatu katika miaka minne, na kila mara nikaambiwa "macho yako yamezoea miwani ya zamani." Sisemi walinidanganya. Nasema hawakutazama, na mimi sikujua kwamba kuna cha kutazamwa.

Jicho lililorefuka

Jicho la mtu mzima lisilo na kasoro lina urefu wa takriban milimita 23 hadi 24 kutoka mbele hadi nyuma. Mwanga huingia kwenye mboni, ukapindwa na kioo cha mbele na lenzi, ukatua juu ya retina, yaani ule utando mwembamba uliotandikwa ukuta wa nyuma wa jicho, ambao ndio unaoona. Kwa mtu asiyeona mbali, hali ambayo madaktari huiita mayopia, jicho limekua likawa refu kupita kiasi. Picha hutua kabla ya kufika kwenye retina, ikawa ukungu. Kila milimita moja ya urefu wa ziada huleta namba hasi ya kama 2.5 hivi.

Namba ndogo, kama -1 au -2, ni usumbufu wa kawaida. Lakini madaktari wameweka mpaka: kuanzia -6 kwenda juu, au jicho likifika milimita 26, hali huitwa mayopia kali. Jicho langu la kushoto lilipopimwa kwa mashine lilitoka milimita 28.2. Ukisikia milimita nne utaona ni kitu kidogo, nusu ya ukucha. Kwa jicho ni nyingi sana.

Fikiria donge la unga wa chapati. Ukilisukuma liwe kubwa, unga hauongezeki, unakuwa mwembamba. Ndivyo ilivyo kwa jicho. Ukuta mweupe wa nje unavutika. Tabaka la katikati, koroidi, lenye mishipa ya damu inayoilisha retina, linavutika na kukonda. Retina yenyewe inavutika. Kwa watu wengine sehemu ya nyuma huvimba nje kama mfuko, uvimbe unaoitwa stafiloma. Na kuvutika huku hakuishi kila mara mtu anapofika miaka ishirini. Kwa wenye mayopia kali jicho linaweza kuendelea kurefuka polepole hata ukubwani.

Hapa ndipo watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanapokosea hesabu. Miwani hurekebisha mahali picha inapotua. Haifupishi jicho. Mtu wa -11 akivaa miwani sawasawa anaweza kusoma herufi hadi mstari wa chini, akatoka pale akiamini macho yake ni mazima, ilhali ukuta wa nyuma umekonda vile vile.

Doa la katikati

Katikati ya retina pana sehemu ndogo inayoitwa makula. Ndiyo tunayotumia kusoma, kutambua sura, kutia uzi kwenye sindano. Kilichobaki cha retina hutupa mwanga wa pembeni. Makula ikiharibika hutagonga mlango wala kuanguka mtaroni, lakini hutamtambua aliyekupa salamu mpaka azungumze.

Kwa jicho lililovutika sana, utando unaotenganisha retina na koroidi unaweza kupasuka nyufa nyembamba. Ufa wenyewe huenda usilete shida siku hiyo. Ila mishipa mipya ya damu, dhaifu na isiyotakiwa, huweza kuchipuka kutoka kwenye koroidi na kupenya kwenye ufa huo kama mizizi ya mkungu inavyopenya ukuta wa choo. Mishipa hiyo huvuja maji na damu chini ya makula. Retina iliyo juu yake inainuka, na ndiyo maana mstari ulionyooka unaonekana umepinda. Hilo ndilo lililonipata.

Mishipa hiyo isipotibiwa hukauka ikaacha kovu. Daktari Ernst Fuchs wa Vienna alilieleza doa hilo jeusi la katikati mwaka 1901, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Wakati ule alichoweza ni kulieleza tu. Miaka mia moja baadaye hali ilibadilika, kutokana na dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Bevacizumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, kazi yake ikiwa ni kuuzuia mwili usiote mishipa mipya ya kuulisha uvimbe. Madaktari wa macho wakaona: si hicho hicho tunachokitaka? Wakaanza kuichoma kidogo kidogo ndani ya jicho. Baadaye zikaja dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya macho hasa, kama ranibizumab na aflibercept, ambazo bei yake ni kubwa zaidi. Wagonjwa wengi katika nchi kama yetu huchomwa hiyo ya kwanza kwa sababu chupa moja hugawanywa kwa watu kadhaa.

Sindano ya jicho inatisha kwa jina kuliko kwa kitendo. Wanakutia matone ya ganzi, wanakusafisha kwa dawa ya rangi ya kahawia inayowasha, wanakuwekea kitu cha kuzuia kope zisifunge, unaambiwa tazama juu, basi. Unahisi msukumo. Kesho yake jicho linakuwa jekundu na kama limeingia mchanga. Nilichomwa tatu, mwezi baada ya mwezi, na daktari akaniambia kuwa mishipa ya mayopia mara nyingi hutulia kwa sindano chache kuliko ile inayowapata wazee. Mstari wa zulia ulirudi karibu na unyofu wake. Doa la kijivu lilipungua lakini halikuondoka. Daktari aliniuliza swali moja tu la kuniumiza: "Ulianza kuona hivi lini?" Nikamwambia. Akaandika, hakusema kitu.

Kuna uharibifu mwingine wa katikati ambao hauna sindano. Koroidi ikishakonda sana, mabaka ya retina hufa kwa kukosa damu, yakabaki meupe. Daktari aliponionyesha picha ya jicho langu nilikumbuka kuta za Mji wa Kale ambazo lipu imebanduka mawe ya matumbawe yakaonekana. Mabaka hayo hupanuka kwa miaka, taratibu, na mpaka sasa hakuna dawa ya kuyarudisha. Halafu kuna jicho ambalo makula hupasuliwa tabaka kwa tabaka kwa sababu ukuta wa nyuma unarudi nyuma nayo haiwezi kuufuata. Hilo huonekana vizuri kwa skani ya OCT, ile mashine unayoegemeza kidevu ukatazama taa, na likizidi hufanyiwa upasuaji.

Katika sehemu za Asia Mashariki, Japani na Uchina, tafiti za mitaani zimekuta kwamba uharibifu wa makula unaotokana na mayopia ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za upofu usioweza kurudishwa. Na wanaopata hawangoji uzee. Wengi ni watu wa makamo, wenye kazi na watoto wa kusomesha.

Retina ikibanduka

Hatari ya pili ni ya ghafla, na hii kila mwenye miwani mizito aijue kama anavyojua namba yake ya simu.

Ndani ya jicho mmejaa ute mzito kama maji ya yai. Umri ukienda ute huo huyeyuka, hujikusanya, na mwisho hujitenga na retina. Kwa watu wengi hutokea wakiwa wazee, na hupita salama. Kwa wenye mayopia hutokea mapema zaidi, na retina yao imekonda, pengine ina mabaka dhaifu pembeni. Ute ukijitenga kwa nguvu huvuta retina ikachanika. Maji yakiingia kwenye tundu hilo, retina huanza kubanduka ukutani kama karatasi iliyolowa. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 1993 ulikuta kwamba mwenye namba kati ya -1 na -3 ana hatari kama mara nne ya asiye na mayopia, na aliyepita -3 ni kama mara kumi.

Dalili zake hazina maumivu. Nalirudia kwa sababu sisi watu wa Pwani tumezoea kwamba kisichouma si ugonjwa. Utaona vimweko vya mwanga pembeni mwa jicho, hasa gizani, kama mtu anapiga picha kwa mbali. Utaona vidoa vyeusi vinavyoelea vimeongezeka kwa ghafla, kama masizi ya jiko yamepeperushwa mbele yako. Kisha pazia jeusi linaanza kushuka au kupanda kutoka upande mmoja. Vidoa vimoja viwili ulivyoishi navyo miaka mingi si habari. Mvua ya vidoa iliyoanza jana ni habari, na ni ya leo hii, si ya baada ya Idi.

Haraka yake ina sababu. Retina ikiwa imechanika tu, daktari huzungushia leza kwenye tundu ili lipate kovu la kuigandisha. Mtu hukaa kitini, akarudi nyumbani siku ile ile. Ikishaanza kubanduka lakini makula bado imeshika, upasuaji wa haraka huweza kuokoa karibu uoni wote. Makula ikishabanduka, hata upasuaji ukienda vizuri kabisa, kusoma hakurudi kama zamani. Tofauti ya hali hizo inaweza kuwa siku chache, wakati mwingine saa.

Zamani hapakuwa na matibabu. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 aliyebanduka retina alilazwa kitandani miezi, akafungwa macho, na karibu kila mmoja aliishia kipofu. Mtu aliyegeuza jambo hilo ni Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi. Alishikilia kwamba tundu ndicho kisa, na kwamba ukiliziba tundu retina itarudi. Wenzake hawakumwamini kwa miaka. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa anawarudishia watu macho kwa kulichoma tundu moto kutokea nje. Mwaka 1970 Robert Machemer, kule Miami, akaanzisha njia ya kuingia ndani ya jicho kwa vifaa vyembamba na kuutoa ute wenyewe. Upasuaji wa leo unatokana na wawili hao: ama jicho hufungwa mkanda wa plastiki kwa nje, ama ute hutolewa na mahali pake pakatiwa gesi au mafuta ya silikoni kuikandamiza retina irudi ukutani.

Gesi hiyo ina masharti yanayotuhusu. Kwanza, mara nyingi mgonjwa huambiwa akae kifudifudi au alalie upande fulani kwa siku kadhaa ili povu liukandamize mahali penye tundu. Pili, mtu mwenye gesi jichoni haruhusiwi kupanda ndege mpaka iishe, kwa sababu angani gesi hutanuka na shinikizo la jicho likapanda likaua mshipa wa fahamu. Gesi ya aina moja hukaa kama wiki mbili, nyingine hufika wiki sita hadi nane. Kwenye foleni ya kliniki nilikaa na mzee ambaye alishakata tiketi ya umra. Alipoambiwa angoje, alinuna siku nzima. Lakini akangoja. Tena si ndege peke yake. Kutoka Mombasa usawa wa bahari hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, hata ukienda kwa treni au basi. Aliyetiwa gesi huku Pwani asikate safari ya bara bila kumuuliza daktari wake. Na akihitaji upasuaji mwingine wowote, hata wa jino, awaambie watu wa ganzi kwamba jichoni mna gesi.

Presha ya macho na mtoto wa jicho nitazigusa kwa ufupi. Zote huwapata wenye mayopia kali zaidi au mapema zaidi. Presha ya macho ina ujanja: mshipa wa fahamu katika jicho refu huwa umekaa upandeupande tangu hapo, kwa hivyo ni vigumu hata kwa daktari kutambua kama umeanza kuliwa. Ndiyo maana hutaka kupima tena na tena na kulinganisha. Mtoto wa jicho hutolewa kama kwa wengine, ila upasuaji huo huongeza kidogo hatari ya retina kubanduka baadaye, kwa hivyo retina ikaguliwe kabla na baada.

Miwani, leza na maneno ya mtaani

Vijana wengi huniuliza kuhusu upasuaji wa leza wa kuacha miwani. Unafaa kwa baadhi ya watu. Lakini leza hiyo huchonga kioo cha mbele ya jicho, basi. Nyuma jicho linabaki refu lile lile, na retina ile ile. Mtu aliyekuwa -9 akafanyiwa leza bado ana macho ya -9 kwa hatari zote nilizozitaja, na mbaya zaidi, hana tena miwani ya kumkumbusha. Kila daktari mpya utakayemwona, mwambie namba yako ya zamani.

Wapo wanaosema miwani ndiyo inayoharibu macho, kwa hivyo mtoto apewe namba pungufu au avae siku moja moja. Hili limejaribiwa. Utafiti uliofanyiwa watoto nchini Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta waliopewa namba pungufu makusudi walizidi kwenda hasi kuliko waliopewa namba kamili. Asali jichoni, maziwa ya mama, maji ya majani yaliyochemshwa: hakuna kati ya hivyo kinachofika kwenye retina, na baadhi huleta vidonda kwenye kioo cha mbele. Karoti ni nzuri kwa pilau.

Akina mama wenye miwani mizito huambiwa wasizae kwa njia ya kawaida kwa sababu kusukuma kutabandua retina. Tafiti zilizowafuatilia akina mama hao hazikukuta hivyo. Mwenye retina iliyochanika atibiwe kwanza, lakini namba ya miwani peke yake si sababu ya kupasuliwa.

La maana kweli ni ngumi na mpira. Jicho lililokonda halipendi kupigwa. Mwenye -8 anayecheza mpira wa miguu au ndondi azungumze na daktari wake kabla, na kila anayepigwa jichoni apanuliwe mboni hata kama anaona vizuri.

Kupanuliwa mboni ndilo neno la kukumbuka. Mwenye -6 kwenda juu anahitaji kutazamwa nyuma ya jicho kwa matone angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi akishapata tatizo. Duka la miwani haliwezi kuchukua nafasi hiyo. Hapa Pwani tuna vituo vya macho vinavyojulikana, kama Kwale Eye Centre na Lighthouse for Christ, na bara kuna idara kubwa za macho Kenyatta na Kikuyu. Ulizia kabla ya kwenda kama siku hiyo yupo daktari wa retina, kwani si kila daktari wa macho hufanya matibabu ya retina, na ulizia bima yako inalipa nini kabla ya kulazwa. Siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki. Mboni zitakuwa wazi, na jua la saa nane la Mombasa litakuonyesha cha mtema kuni.

Lawama yangu kwa wanaopanga kambi za macho ni ndogo, lakini ipo. Kambi zinatafuta mtoto wa jicho, na zina haki, maana huo ndio unaopofusha wazee wengi na tiba yake ni ya dakika chache. Ila mtu wa miaka arobaini mwenye miwani mizito huja kwenye foleni, anasoma herufi kwa miwani yake, anapigwa muhuri wa "mzima" na kurudi nyumbani. Kumwuliza tu namba yake kungetosha kumtoa kwenye foleni hiyo na kumpeleka kwingine.

Na watoto

Mwaka 2016 watafiti waliotazama takwimu za dunia nzima walikadiria kwamba ifikapo 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa na mayopia, na karibu mtu mmoja kati ya kumi atakuwa na ile kali. Afrika bado iko nyuma katika mbio hizo, jambo ambalo kwa mara moja ni jema. Katika jiji la Seoul, kati ya vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi, zaidi ya asilimia 95 walikuwa na mayopia.

Urithi unahusika. Mzazi mwenye mayopia, na zaidi wakiwa wote wawili, huongeza uwezekano kwa mtoto. Na mtoto mdogo ambaye hajaanza shule akiwa na namba kubwa sana, daktari achunguze pia viungo na moyo, kwani kuna magonjwa ya kurithi kama Marfan na Stickler yanayoanza kujionyesha machoni.

Lakini urithi haujafunga mlango. Utafiti nilioupenda zaidi ni wa mwaka 2008 uliolinganisha watoto wa asili ya Kichina wa miaka 6 na 7 wanaoishi Singapore na wanaoishi Sydney. Asili moja. Singapore asilimia 29 walikuwa na mayopia, Sydney asilimia 3. Watoto wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki, si vichache. Tofauti kubwa ilikuwa nje: wa Sydney walikaa nje ya nyumba karibu saa 14 kwa wiki, wa Singapore karibu 3. Baadaye, shule za Guangzhou ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku kwa miaka mitatu. Katika matokeo yaliyochapishwa 2015, waliopata mayopia mpya walikuwa asilimia 30, na katika shule zisizoongeza asilimia 39. Taiwan imekuwa ikihimiza shule zake tangu 2010 kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku. Inadhaniwa mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe kemikali ya dopamini, ambayo huliambia jicho lisirefuke.

Sasa tazama siku ya mtoto wetu wa mjini. Shule mpaka jioni, chuo baada ya magharibi, tuisheni Jumamosi, chuo tena Jumapili, na katikati yake simu ya mama. Sisemi chuo kipunguzwe. Nasema jua la Mungu tunalo bure mwaka mzima, na mtoto hulikuti usoni mwake. Walimu wa chuo wanaweza kusomesha barazani kabla ya magharibi, msahafu ukae mbali na uso kiasi cha mkono uliokunjwa, na taa iwe ya kutosha. Mtoto anayeubana msahafu puani apelekwe kupimwa, asipigwe.

Aliyekwishaanza kwenda hasi kwa kasi anaweza kusaidiwa. Matone ya atropini kwa kipimo kidogo sana, yaliyojaribiwa kwa miaka mingi Singapore na Hong Kong, hupunguza mwendo wa jicho kurefuka, na kuna miwani na lenzi maalumu zinazofanya kazi hiyo pia. Hazirudishi namba nyuma. Zinapunguza kasi tu, lakini kati ya kuishia -5 na kuishia -10 kuna maisha mawili tofauti.

Binti yangu ana miaka tisa na namba yake ni -4. Ana miadi mwezi ujao ya kupimwa urefu wa jicho na kutiwa matone. Ameniuliza kama yatauma. Nimemwambia yatawasha kidogo, kisha siku nzima hataweza kusoma herufi za karibu, kwa hivyo jioni hiyo hataenda chuo. Amefurahi sana, ameshamwambia mwalimu wake.